Tulivyomtafuta Babu Yake Mpiga Sinema

Ndugu zangu wa barazani Usagara, tangu nirudi sijanywa kahawa kwa raha. Kila nikiinua kikombe mtu ananiuliza, "Haya Seif, ilikuwaje huko Mkwaja?" na kabla sijafungua kinywa mwingine amekwisha jibu kwa niaba yangu. Nimesikia kwamba tulikwenda kufukua dhahabu ya Wajerumani. Nimesikia kwamba Mzungu wangu alisilimu, akaoa, akaniacha nirudi kwa miguu. Mbwana wa duka la vitambaa anasema hata mahari anayajua. Basi nimeona nikae niandike nisimulie mara moja, na anayetaka kuongeza chumvi akaitie kwenye mchuzi wake.

Mnamjua Bwana Niko. Ndiye yule kijana mrefu mwenye macho ya kijivu aliyekuja Tanga kupiga picha za sinema za mashamba ya mkonge. Mimi kazi yangu ni kuendesha mashine ya kuonyeshea sinema, na yeye alikuwa na desturi ya kupanda kwenye kijumba changu cha juu kuniangalia ninavyopitisha utepe. Tukazoeana. Kiswahili chake alikiokota kwa manyapara wa mkonge, kwa hiyo alikuwa hajui kuomba, anajua kuamrisha tu. Akitaka maji alisema "Wewe, leta maji," kwa uso wa upole kabisa, na watu hawakujua wamkasirikie au wamhurumie. Likumbukeni hilo, maana lilitaka kutuponza.

Siku moja akanieleza jambo lake. Baba yake ni Mgiriki, na jina lake la ukoo ni la Kigiriki. Mama yake, Helena, alizaliwa hapahapa Tanga enzi za Wajerumani, akaitwa Helena Kessler kwa jina la baba yake. Alipokuwa mtoto wa kung'oka meno, mama yake alimchukua wakaenda Ulaya. Baba akabaki na shamba lake la minazi, akaahidi kuwafuata. Vita vya kwanza vikaingia, baba asionekane. Yule mama akaolewa na Mwitaliano, mtoto naye akabandikwa jina la Mwitaliano, na humo nyumbani ikawa Kessler hatajwi tena. Helena akakua, akaolewa na Mgiriki, akabadilishwa jina mara nyingine. Nikamwuliza Niko, "Sasa mama yako ni nani hasa?" Akasema hata mwenyewe huuliza hivyohivyo.

Mimi nilistaajabu. Kwetu mtoto akizaliwa binti Omari ataolewa, ataachwa, ataolewa tena, na siku ya kufa atazikwa binti Omari. Mume hupewa mke, hapewi jina lake.

"Na wewe wataka nini katika haya yote?" nikamwuliza.

"Mama anataka neno moja," akasema. "Aliniambia nisimletee kitu chochote kutoka huku. Nimwulizie tu kama baba yake alikuwa akimtaja."

Hilo tu. Sikuweza kukataa. Mimi nami nililelewa na mama bila baba, na swali hilo ladha yake naijua. Tukafunga safari mwishoni mwa Shaabani, watu wakijiandaa kwa Ramadhani, na masika yamekwisha anza kununa juu ya bahari.

Mjini, kwa Wazungu waliolala

Tulianzia karibu. Kanisani, mchungaji alitufunulia kitabu kikubwa cha ubatizo, na kweli Helena alikuwemo, na baba yake Kessler mkulima wa minazi, na mama yake. Niko akaweka kidole juu ya jina la mama yake asikiondoe. Lakini kuhusu huyo baba alikufa lini na wapi, kitabu kilikuwa kimya. Kwenye orodha ya waliozikwa hakuwemo.

Tukaenda kwenye makaburi ya Wajerumani. Niko alisoma jiwe moja baada ya jingine, akikwangua ukungu kwa ukucha, nami nimekaa ukutani namalizia vitumbua tulivyonunua njiani. Majina yale kuyasoma ni kama kutafuna kokoto. Kessler hakuna. Mlinzi wa pale akatuambia kwamba waliokufa porini wakati wa vita hawana mawe, na Niko akasema labda ndiyo hivyo, labda babu ni mfupa tu mahali fulani.

Ndipo akanionyesha picha ambayo mama yake aliificha ujana wake wote. Mwanamume mwenye ndevu na kofia pana, amesimama kando ya nguzo ndefu ya mawe. Niko alikuwa ameizungusha kwa Wazungu wote wa Tanga, na kila mmoja alimwambia la kwake. Mmoja alisema ni Misri.

Nilicheka mpaka kitumbua kikanipalia. Nguzo ile mtoto yeyote wa Tanga anaijua. Ni ya makaburi ya kale ya Tongoni, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka hapo tulipokuwa.

Tongoni

Watu wa Tongoni wamechoka na wageni. Kila anayekuja kutazama magofu yao huishia kuuliza chini kuna nini, na wengine huja na sururu kabisa. Kwa hiyo Mzungu aliposhuka garini na masanduku ya chuma, akaanza kuzunguka nguzo moja baada ya nyingine huku ameshika picha, wazee watatu walitoka msikitini wakaja kusimama nasi, wala hawakusema wamekuja kufanya nini.

Niko akawaonyesha picha. "Nyinyi mnajua huyu? Kessler. Sema!"

Mmoja akaitazama picha, akanitazama mimi. "Huyu bwana ana ghadhabu gani?"

"Hana ghadhabu, baba. Ndivyo alivyofundishwa."

"Basi alifundishwa vibaya. Hatumjui."

Tuliipata ile nguzo, lakini imekwisha anguka, imelala katika majani. Niko alisimama palepale aliposimama babu yake, hana la kufanya na mikono. Nadhani wale wazee walimwona akiwa vile, maana mmoja wao, Mzee Shehe, alilegea. Akatukaribisha nyumbani kwake, tukaletewa chila, ile mikate ya mchele, za moto na mchuzi wa samaki, na tulipokuwa tunakula akauliza taratibu, "Huyo mnayemtafuta mwataka nini kwake?"

Niko akajibu kwa haraka, "Shamba lake. Mimi nataka shamba la babu yangu."

Alikuwa na maana ya kwamba analitafuta alione. Lakini neno limekwisha toka. Mzee Shehe akafuta midomo, akasema yeye ni mtu wa juzi hapa kijijini, mambo ya zamani hayajui. Mtu wa juzi naye ndiye aliyekuwa akitueleza dakika chache nyuma babu wa babu yake alivyojenga kisima! Alichotupa ni kimoja tu, tulipokuwa tunaagana: kwamba Wazungu wa zamani waliokuja kuzitazama nguzo wengi walikuwa wa upande wa Pangani, tukaulize huko.

Garini nikamwambia Niko, "Kuanzia sasa wewe tabasamu. Maneno niachie mimi."

Pangani, mbele ya halua

Mvua ilitukuta Mwera, na tulipofika Pangani mto umejaa, maji mekundu, kivuko kimefungwa kamba hakiendi. Mwendesha kivuko alisema tutavuka maji yakipenda. Niko akataka kuhesabiwa saa. Nikamwambia maji hayavai saa.

Nilikuwa na salamu za mjomba wangu kwa Bwana Nasoro, mtu wa asili ya Oman, mwenye nyumba ya ghorofa karibu na mto na minazi pande zote mbili. Akatupokea vizuri kupita kiasi. Tukaletewa maji ya kunawa, tukaletewa wali wa nazi na kuku wa kupaka, tukaletewa ndizi mbivu, tukaletewa kahawa na halua. Kila Niko alipofungua kinywa kuuliza, Bwana Nasoro alimsogezea sahani. Kijana alikuwa anatokwa jasho kwa adabu. Alidhani anapuuzwa, kumbe anaheshimiwa: mgeni hulishwa kwanza, shida yake huulizwa akishashiba, ili asije akaona chakula ni malipo ya maneno.

Mwisho Bwana Nasoro akafuta vidole, akasema, "Haya mwanangu. Wamtafuta nani?"

Nikaeleza mimi, yote, kuanzia Helena na majina yake matatu. Alisikiliza huku anazungusha kikombe. Kisha akaniuliza mimi wala si yeye, "Kijana ataka kaburi au ataka mnazi?"

"Kaburi," nikasema. "Na hata hilo si sana. Mama yake ataka kujua kama alitajwa."

"Mngelianza hivyo. Mwenda mkiuliza ukoo wa maiti na shamba lake. Nani asiyejua anayeuliza hivyo aja na nini? Aja na mirathi. Mtaambiwa hatumjui mpaka Saadani." Akacheka kidogo. "Na jambo la pili. Mwamwita kwa jina alilolivua. Mzungu akisilimu hubaki na ukoo wake? Huitwa bin Abdallah, kwa kuwa sote waja wa Mungu, na la zamani limekwisha. Mie nilikuwa kijana Waingereza walipokusanya Wajerumani wote wakawapakia melini. Mmoja hakupakiwa. Alikuwa Mkwaja, hoi kwa homa, amefichwa na watu wa huko, wakamwuguza hata akapona. Akasilimu, akaoa kwao. Twamwita Yusufu Mdachi. Alikuwa na minazi kabla ya kijiji, mkono wa bahari."

Nikamfasiria Niko. Mama amepoteza jina upande ule kwa kuolewa, babu amelipoteza upande huu kwa kusilimu. Kamba imekatwa ncha zote mbili, halafu sisi tunashangaa kwa nini haivutiki.

"Yu hai?" akauliza.

"Alitangulia zamani," Bwana Nasoro akasema. "Ana binti. Mwendeeni kwa adabu. Ana ulimi."

Ng'ambo ya mto

Maji yalipenda siku ya pili yake. Tukavuka hadi Bweni pamoja na mbuzi wa harusi ambao hawakupenda landrova yetu, na kutoka hapo barabara ikawa jina tu. Kipumbwi tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu kwa mama mmoja aliyetuuzia akitusimanga, ati gari lina magurudumu manne na bado linasukumwa na watu wawili. Alisema kweli. Mimi nilisukuma sana safari hii, na Mbwana aliyesema nilinenepa aje atazame mabega yangu.

Njiani Niko alikuwa anajifunza. Nilimfundisha "shikamoo", nilimfundisha "tafadhali", nilimfundisha "niwie radhi". Aliyarudia kama mtoto wa chuo. Kumbe katika furaha na katika hofu mtu husema anachokijua tangu zamani.

Mkwaja

Tulipokaribia kijiji mvua ilikatika, jua likatoka upande mmoja, na minazi yote ikawaka maji. Mkono wa bahari, kama tulivyoambiwa. Nikamwambia Niko angoje garini nikamtafute jumbe, maana huingii katika mji wa watu bila kupiga hodi kwa mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa. Naapa aliitikia.

Nilikuwa kwa jumbe, ndiyo kwanza tumeanza habari za mvua, tuliposikia kelele. Tukatoka mbio.

Niko alikuwa ameona mwanga ule akashindwa kujizuia. Alitaka mama yake auone. Ameingia shambani, amesimamisha ile miguu mitatu ya mashine yake ya picha, na amevuta kamba ya kupimia kutoka kwenye mashine hadi shina la mnazi, kama wapiga sinema wanavyopima ili picha isitoke na ukungu. Mbele yake amesimama mwanamke wa makamo, mweupe kidogo kuliko watu wa pale, amejifunga kanga kiunoni, ana ufagio wa chelewa mkononi. Na Niko, kwa kuwa yule mama amesimama katikati ya picha yake, alikuwa anampungia mkono na kumwambia kwa ule uso wa upole:

"Wewe mama, toka hapo. Simama kule."

Kumtoa mtu katika shamba lake mwenyewe! Nilitamani ardhi inimeze.

"Mie ndiye wa kutoka?" akasema yule mama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Kunja kamba yako. Na hiyo miguu yako mitatu itie garini. Shamba hili la Yusufu bin Abdallah, na mie ni Mwanahamisi binti Yusufu, na sijakuita."

Nikajitia kati, nikaamkia, nikaomba radhi, nikaeleza kwamba huyu ni mpiga picha, anatafuta habari za babu yake Kessler.

"Wakesela wenu siwajui. Baba yangu amelala na Waislamu wenziwe. Nendeni."

Baadaye jumbe alitueleza. Si zamani walikuja watu na miguu mitatu kama ile na kamba kama ile, wakapima shamba la jirani yake, wakisema wanatazama tu. Leo shamba lile lina waya na jirani amehamia kwa mkwewe. Bi Mwanahamisi ni mjane, na minazi ile ndiyo mume wake, ndiyo baba yake, ndiyo kila kitu. Niko alipoelewa aliweka uso katika viganja.

"Tunarudi kesho," akasema. "Nitamwambia mama sikupata."

Nilijua anamaanisha. Alikuwa na mama mdogo hatua chache kutoka pale tulipokaa, na amemfukuza kwa maneno sita. Niliumia kwa ajili yake, na nilimkasirikia pia, vyote pamoja.

Lakini kesho yake landrova ilikuwa imezama hadi mhimili, na mvua inanyesha juu yake kama inaisukuma chini. Na watu wa Mkwaja, ambao wangetusaidia kuivuta, walikuwa na shughuli. Ilikuwa khitma.

Khitma kwa Bi Mwanahamisi

Mnajua Shaabani kwetu. Kabla ya Ramadhani kila nyumba hurehemu wazee wake: husomwa Kurani, hutajwa majina ya waliotangulia, huombewa dua, halafu watu hula. Siku ile ilikuwa zamu ya nyumba ya Bi Mwanahamisi, na jumbe akaniambia nimealikwa. Nikasema mwenye nyumba hanitaki. Akasema, "Asilolitaka ni gari lako. Wewe Muislamu, ni haki yako."

Ulimi ni ulimi, lakini adabu ni adabu. Niko naye alitandikiwa mkeka barazani asiloe, na kabla hata shughuli haijaanza akaletewa chai na mkate wa kumimina. Hakuna aliyemsemesha.

Ndani tulijipanga mikekani, tukagawana juzuu, tukasoma. Mimi msomaji wa mwendo wa kobe, mnanijua, nikamaliza wa mwisho. Mwalimu Kombo, anayesomesha chuo pale kijijini, akafunga macho, akasema kuelekea pazia la chumba cha wanawake, "Haya, tutajie wazee."

Sauti ya Bi Mwanahamisi ikatoka nyuma ya pazia, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo.

"Yusufu bin Abdallah."

Mwalimu akairudia.

"Mwanaidi binti Makame. Hamisi bin Makame. Helena binti Yusufu."

Mikono nilikwisha inyoosha kwa dua. Sikuishusha, lakini sikusikia tena neno. Helena si jina la Mkwaja, wala si la Pangani, wala si la pwani yote hii niijuayo. Dua ya Mwalimu Kombo ni ndefu, Mungu ambariki, inapita kwa mitume wote, nami nimekaa pale naitikia amin kwa mdomo tu.

Masinia ya pilau yakaingia. Mimi sijapata kuacha pilau ipoe, mashahidi nyinyi. Siku ile sikunyoosha mkono. Nikageukia pazia, na najua kumwuliza mwenye nyumba habari za nduguze wanawake mbele ya watu si adabu, nikasema:

"Bi Mwanahamisi, niwie radhi. Huyo Helena ni nani?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Ni dada yangu," ikajibu sauti. "Wamuulizia nini?"

"Kijana aliyeketi barazani, mama yake aitwa Helena. Alizaliwa Tanga, akachukuliwa Ulaya mdogo. Baba yake alibaki na shamba la minazi."

Sauti ikauliza, "Huyo mama yake alifariki lini?"

"Hajafariki. Yu hai. Alia na magoti tu."

Kikaanguka kitu kule ndani, upawa au kifuniko, kikabingirika mpaka kikatulia chenyewe.

"Subhana Llah," akasema Bi Mwanahamisi. "Nami kila mwaka namrehemu."

Kuna mtu alicheka, akajiziba mdomo kwa tonge. Pazia likasukumwa. Akatoka, kanga kichwani, akapita katikati ya wanaume bila kututazama mpaka barazani, na sisi sote nyuma yake. Niko akasimama haraka, akamwaga chai.

"Shikamoo," akasema. Alikumbuka.

"Marahaba. Mama yako mtoto wa nani?"

Nilimwona akianza kutaja la Mwitaliano, akaacha. Akaanza la Kessler, akaacha. Akanitazama, kisha akamtazama yeye.

"Helena," akasema. "Helena binti Yusufu."

Yule mama alishika nguzo ya baraza. "Wataka minazi?"

"Sitaki minazi. Tafadhali. Mama anauliza kitu kimoja. Baba yake alikuwa anamtaja?"

Bi Mwanahamisi alitugeukia sisi tuliokuwa tumesongamana mlangoni na mikono ya pilau.

"Mwaulizwa," akasema. "Jibuni."

Mwalimu Kombo ndiye aliyeanza. "Kila mwaka. Yusufu mwenyewe alipokuwa hai alikuwa akimtaja hapa, tukimwombea afya. Alipokaribia kufa aliusia atajwe pamoja naye. Mie nilipoachiwa kusoma dua nilisema jina hili la Kinasara, siliweki katika dua. Huyu mama akaniambia, ndilo alilopewa na babake, wewe soma." Mzee mwingine akasema amemwitikia amin Helena tangu hajaota ndevu. Mwingine akasema hata hakujua ni Mzungu, alidhani ni shangazi aliyekufa Unguja. Kijiji kizima kinamjua. Tulikuwa tumezunguka na jina la Kessler kwa watu ambao, tungeuliza binti Yusufu, wangetuvusha mkono kwa mkono.

Niko alikuwa analia wazi, bila kujificha, na mimi siwezi kusema nilikuwa hodari zaidi.

"Baba aliandika barua," Bi Mwanahamisi akasema, sasa kwa sauti nyingine. "Zote zilirudi. Jina la mkewe halikupatikana, la mtoto halikupatikana. Vita vya pili vikaja, tukasikia Ulaya inaungua. Mtu asiyepatikana jina lake, si amekufa? Nikamtia kwa wafu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwalimu, nyoosha mikono."

"Dua imekwisha, Bi Mwanahamisi. Pilau lapoa."

"Ya wafu imekwisha. Mtoe dada yangu huko. Msomee ya walio hai."

Mwalimu Kombo akanyoosha mikono palepale barazani, mvua inapiga makuti, akamwombea Helena binti Yusufu afya, na umri, na magoti. Tukaitikia. Niko aliitikia amin nyuma yetu kidogo, peke yake, kwa sauti kubwa.

Kurudi

Gari lilivutwa na watu wengi kuliko lilivyohitaji. Kabla hatujaondoka Bi Mwanahamisi alimpeleka Niko kaburini. Halina jina, kama makaburi mengi ya hapo. Yana mawe mawili na mrehani, na wenyewe wanajua. Niko alichutama akang'oa majani, naye mama mdogo wake akamwachia kiasi, kisha akamwambia yale si magugu, ni mrehani.

Baada ya hapo akasema, "Haya, simamisha miguu yako mitatu." Niko akaisimamisha mbele ya minazi. Kamba ya kupimia Bi Mwanahamisi aliishika ncha yeye mwenyewe, akaiweka juu ya pua yake, akauliza kama sasa amepimwa vya kutosha. Mashine ile hunasa sura tu, haina sauti, nami nikamweleza hivyo. Akasema haidhuru, atasema tu. Akaitazama mashine akasema mengi sana, na mimi ndiye niliyesimama karibu nikayasikia.

La mwisho alilisema tukiwa tumekwisha ingia garini, na mifuko ya nazi imetujaa miguuni.

"Mwambie dada yangu, miaka yote hii nimemwombea asamehewe dhambi zake. Kama anazo, ni za juzi."

Nilimfasiria Niko njiani, kabla ya Kipumbwi. Alicheka sana. Kisha akasimamisha gari katikati ya barabara, akazima moto, akauinamia usukani. Mimi nikashuka matopeni, nikajifanya nakagua magurudumu, mpaka alipokuwa tayari.